Mashine Inabaki Shuleni

Karatasi ya mwisho ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ikishakusanywa, mtahiniwa asiyeona hufanya jambo ambalo wenzake hawalifanyi: hurudisha mashine. Ile Perkins, mashine ya kuchapa breli (maandishi ya nukta ya wasioona), aliyoiandikia miaka yote, yenye vibonye sita vya nukta, cha nafasi, cha kurudi nyuma na cha kushuka mstari, yenye uzito wa karibu kilo 5, ni mali ya shule. Huifunika, huibeba hadi stoo, mwalimu hutia alama kwenye daftari. Kesho yake kijana yuko nyumbani Kayole au Kawangware na hana cha kuandikia.

Na mashine ni sehemu tu ya anachokiacha. Anamwacha mwalimu anayesoma breli kwa macho na kumpigia chapa maswali. Anaacha dawati lililo karibu na dirisha, dakika zake za ziada, na rafiki wa bweni anayejua kwamba ukimwelekeza humwambii "pale" bali "hatua tatu kushoto kwako". Yote hayo yalikuwa ya shule, na hakuna hata moja lililoandikwa kwa jina lake. Siku atakapoulizwa na meneja, "Sasa wewe unahitaji nini ili ufanye kazi hapa?" atajibu, kwa heshima na kwa unyonge, "Chochote tu mtakachoweza." Hilo ndilo jibu linalomwangusha. Meneja hajui "chochote" hununuliwa wapi wala kwa bei gani, kwa hiyo hafanyi lolote.

Makala haya ni ya mzazi, mwalimu na kijana mwenyewe, kwa mpangilio huo, maana kazi inaanza kwa mzazi na mwalimu, miaka miwili au mitatu kabla ya barua ya kwanza ya maombi.

Mtihani kama kipimo

Baraza la Mitihani, KNEC, lina utaratibu wake: karatasi za breli kwa wasioona, karatasi za herufi kubwa kwa wenye uoni hafifu, karatasi zilizorekebishwa kwa viziwi, msaidizi wa kuandika kwa asiyeweza kushika kalamu, na dakika 30 za ziada katika kila karatasi. Lugha ya Ishara ya Kenya yenyewe ni somo linalotahiniwa. Utaratibu upo. Unapokwama ni kwenye usajili. Shule ndiyo inayosajili watahiniwa, na shule ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba mtoto fulani ana mahitaji maalumu na ni yapi. Katika shule za kawaida, ambako mwenye ulemavu ni mmoja kati ya mamia, anayejaza fomu hizo huenda asikumbuke, au aone haya kuuliza. Mtoto mwenye uoni hafifu anasajiliwa kama wengine. Siku ya mtihani bahasha inafunguliwa na ndani hamna karatasi ya herufi kubwa. Hapo msimamizi hana la kufanya. Karatasi zilishapakiwa zamani.

Kwa hiyo mzazi, mwaka wa usajili nenda shuleni mwenyewe. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe orodha ya watahiniwa iliyochapishwa, utafute jina la mwanao, uone aina ya hitaji iliyoandikwa kando yake. Kama pako wazi, omba pajazwe ukiwa umesimama pale. Haya si mambo ya kuambiwa "tutashughulikia, mama".

Ili pajazwe, kunahitajika ripoti ya tathmini. Vituo vya tathmini ya elimu maalumu vimekuwepo nchini tangu 1984, na hapa Nairobi iko pia Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, kule Kasarani. Ripoti nyingi zinazotoka huko na hospitalini hutaja jina la ulemavu na kukoma hapo: "uoni hafifu, macho yote mawili". Mwalimu hawezi kuitumia ripoti hiyo, na mwajiri ndiyo kabisa. Kabla hamjaondoka kituoni, mwombe mtaalamu aongeze sentensi mbili za utendaji: mtoto anasoma herufi za ukubwa gani, kwa umbali gani, kwa dakika ngapi kabla macho hayajachoka, na mwanga unapaswa kutoka upande upi. "Anasoma herufi za ukubwa wa 18 kwa umbali wa sentimita 20, kwa dakika 40, mwanga ukitoka nyuma ya bega la kushoto." Sentensi kama hiyo utaitumia miaka kumi ijayo.

Na zile dakika 30 zinahitaji mazoezi. Anayeandikiwa na msaidizi hujikuta muda umeliwa na mambo madogo: kurudia swali, kutaja alama za uandishi, kueleza mchoro. Mazoezi matano ya karatasi nzima, na msaidizi yuleyule ikiwezekana, huokoa muda mwingi. Mtahiniwa ajifunze kutamka "nukta, aya mpya" bila kusita, na msaidizi ajifunze kuandika alichosikia badala ya alichodhani. Mwalimu akae na saa kando, aandike kila dakika iliyopotea ilikwenda wapi. Daftari hilo ni dhahabu. Ndilo linaloonyesha kwamba kijana huyu hana tatizo na kazi yenyewe, shida yake ni michoro isiyoelezwa kwa maneno. Kazini tatizo litakuwa lilelile, ila michoro itaitwa grafu za mauzo.

Ukurasa mmoja

Kabla kijana hajafunga sanduku la bweni kwa mara ya mwisho, awe na ukurasa mmoja. Uwe mmoja kweli. Juu aandike anachokifanya bila msaada wowote. Katikati, kinachomzuia. Chini, kinachoondoa kizuizi hicho: jina la kifaa, kipimo chake, kama kinapatikana bure au kwa pesa, na kwa muda gani amekitumia. Mwalimu aliyemfundisha aweke sahihi na mhuri wa shule, maana mhuri huo ndio ushahidi kwamba kitu hicho kimejaribiwa na kikafanya kazi.

Huu hapa mfano wa kijana mwenye ualbino anayetafuta kazi ya uhasibu:

"Ninaandaa hesabu kwenye kompyuta bila msaada. Siwezi kusoma skrini ndogo wala karatasi iliyochapishwa kwa herufi za kawaida kwa zaidi ya dakika chache. Ninahitaji skrini ya inchi 24 iliyowekwa kwenye mkono unaosogea, ili niivute hadi sentimita 25 kutoka usoni bila kuinama. Ukuzaji ninaoutumia ni asilimia 200, upo ndani ya Windows, haununuliwi. Meza yangu isitazame dirisha. Kazi za nje nizifanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, nikiwa na kofia na mikono mirefu. Nimefanya kazi hivi tangu Kidato cha Pili."

Ona kinachotokea kwa meneja anayesoma hivyo. Kuna kitu kimoja tu cha kununua, skrini na mkono wake. Mengine ni kugeuza meza na kupanga ratiba. Hofu ya kwamba mtu mwenye ulemavu ni gharama isiyojulikana inakwisha kwa sababu gharama sasa imejulikana.

Waraka wa kiziwi unatofautiana, na hapa wengi wanakosea. Hauanzi na mkalimani, unaanza na lugha. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, si Kiswahili wala Kiingereza kilichotiwa mikono, na kwa viziwi wengi Kiingereza cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu. Meneja anayepokea ujumbe wenye makosa ya sarufi hukata shauri kwamba mwandishi hana akili ya kazi. Waraka uliseme jambo hilo waziwazi: "Lugha yangu ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Maagizo ya kazi nipewe kwa sentensi fupi zilizoandikwa, hatua moja kila mstari. Mkutano unaozidi saa moja unahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Mkalimani akae kando ya msemaji, na dirisha lisiwe nyuma yake." Hilo la dirisha si urembo. Mwanga ukitoka nyuma ya mkalimani, mikono yake inageuka kivuli.

Anayetumia kifaa cha kusikia ataje pia betri. Betri ndogo za hewa hutambulika kwa rangi ya kibandiko: chungwa ni namba 13, buluu ni 675. Ukishabandua kibandiko, hewa imeingia na betri imeanza kuisha, hata ukikirudisha. Namba 13 hudumu kama wiki moja au zaidi kidogo kwa anayevaa kutwa. Anayekwenda kazini awe na pakiti kwenye droo, maana betri haikupi notisi ya siku mbili. Hukatika katikati ya mkutano.

Kadi, na kodi ambayo wengi wanakatwa bure

Sehemu hii ni kavu lakini ina pesa ndani yake.

Kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huanzia hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya tathmini. Unapimwa, ripoti inatiwa sahihi, kisha maombi ya kadi ya usajili yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Makao ya baraza yako Waiyaki Way, kwenye uwanja wa Kabete Orthopaedic, kwa anayependa kuuliza ana kwa ana. Fanya hivi mapema, kijana akiwa bado shuleni. Ukingoja hadi upate kazi, utaomba ruhusa za kwenda hospitali ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na hizo ndizo ruhusa zinazohesabiwa vibaya.

Ukishaajiriwa, kadi peke yake haikuondolei kodi. Mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi ya mtu mwenye ulemavu husamehewa kodi ya mapato, lakini lazima uombe cheti cha msamaha kutoka Mamlaka ya Ushuru, KRA, na baraza lipate nafasi ya kuthibitisha taarifa zako. Mpaka cheti hicho kimfikie anayeandaa mishahara, utaendelea kukatwa. Wapo watu wanaokaa miaka wakidhani kadi ilitosha. Cheti kina tarehe ya kwisha, kwa hiyo iweke kwenye simu ikukumbushe miezi mitatu kabla. Msamaha huo ni wa kodi ya mapato pekee, usishangae kuona makato mengine yakiendelea.

Kwa upande wa mwajiri, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu tangu kwenye tangazo la kazi. Tangu sheria ya 2003, mwajiri wa sekta binafsi pia amekuwa na nafuu ya kodi kwa ajili ya mshahara wa mfanyakazi mwenye ulemavu na gharama za kurekebisha jengo au vifaa. Wahasibu wengi wa kampuni hawaijui nafuu hiyo. Mtaje mhasibu kwa jina kwenye barua yako, umwombe aiangalie. Meneja anayesikia kwamba sehemu ya gharama inarudi hubadilika sauti.

Atachimenti ni mahali pa kukosea

Chuoni ndiko kuna nafasi ya kujaribu ukurasa ule kabla haujawa wa mshahara. Miezi mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, inatosha kugundua kipi kilikuwa cha shule na kipi ni chako kweli.

Kwa asiyeona, ugunduzi mkubwa ni kwamba breli ya karatasi haiendi ofisini. Ukurasa wa Perkins una mistari 25 ya nafasi 42, na ukurasa mmoja wa kawaida hugeuka kurasa mbili au tatu. Ofisi haina pa kuyaweka majalada hayo, na mwenzako hawezi kuyasoma. Kazi inafanyika kwa kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. NVDA hupatikana bure, JAWS hulipiwa, na TalkBack tayari imo kwenye simu za Android. Breli inabaki muhimu kwa kusahihisha tarakimu na kusoma hotuba, na hapo kifaa cha kidijitali kama Orbit Reader 20, chenye seli 20 (nafasi za herufi za breli) na kadi ya kumbukumbu, hubebeka kwenye mkoba. Lakini anayemaliza chuo bila kuweza kutumia kompyuta kwa kibodi tupu, pasipo kipanya, hajawa tayari. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa vyuo vinawapitisha vijana kama hao kila mwaka kwa huruma, na huruma hiyo inawaponza.

Jambo moja la kujua kabla ya siku ya kwanza: NVDA huweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo, bila kusakinishwa. Inakusaidia kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ila nakala hiyo ya flashi haisomi kisanduku cha Windows kinachouliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko, wala skrini ya kuingilia. Kompyuta inanyamaza, nawe unadhani imekufa. Dawa ni kusakinisha kabisa, na kusakinisha kunahitaji idhini ya mtu wa IT. Mwandikie wiki mbili kabla, umpe jina la programu na toleo, umweleze kwamba hailipiwi. Ukimfikia asubuhi ya siku ya kwanza, atakwambia kuna sera ya usalama, na wiki yako ya kwanza utaimalizia kwenye kochi la mapokezi.

Kumwambia mwajiri lini

Wengine husema usitaje ulemavu hata kidogo mpaka usaini mkataba. Sikubaliani nao, ingawa naelewa hofu inayowasukuma. Kanuni inayofanya kazi ni rahisi zaidi: taja pale unapohitaji kitu. Kama usaili uko ghorofa ya tatu na unatumia kiti cha magurudumu, umeshahitaji. Kama utapewa mtihani wa karatasi na huoni, umeshahitaji. Kama huhitaji chochote hadi siku ya kuanza, subiri barua ya kazi ifike.

Ukipigiwa simu ya kuitwa, jibu liwe fupi na lenye vipimo. "Asante Madam, nitafika. Natumia kiti cha magurudumu chenye upana wa sentimita 65. Je, lifti yenu inafika hadi chumba cha usaili, na mlango wake una upana gani? Kama haifiki, naomba usaili ufanyike chini, nitakuwa tayari saa ileile." Hakuna kuomba radhi ndani yake, wala historia ya ajali. Anayepokea ana maswali mawili ya kwenda kuuliza, na pendekezo moja mkononi.

Wakikuuliza kwenye usaili, "Utawezaje kufika kazini kila siku?" usikasirike, hata kama swali hilo hawamwulizi mwingine. Jibu kwa njia na saa. Matatu za viti 14 hazina nafasi ya kiti cha magurudumu kisichokunjika, na makanga akikubali kukibeba mara nyingi hudai nauli ya pili. Asubuhi ya saa kumi na mbili kuna nafasi, saa moja hakuna. Kwa hiyo ombi la kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi, badala ya kuingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, ni ombi la maana ambalo halimgharimu mwajiri hata shilingi. Liandike kwenye ukurasa wako. Na liombe kabla malengo ya kipindi cha majaribio hayajaandikwa, maana kipindi hicho kisheria hakizidi miezi sita isipokuwa kwa makubaliano, na miezi miwili ikipotea kungoja kifaa, hakuna atakayekurudishia.

Mlango, choo na moto

Ofisi nyingi za Nairobi zina rampu mlangoni na zinajivunia. Ipime. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 15 za kupanda zinahitaji mita 1.8 za urefu. Rampu nyingi za fundi wa haraka ni fupi nusu ya hapo. Mtu mwenye nguvu za mikono anaipanda kwa kishindo siku kavu. Mvua ya Aprili ikinyesha juu ya vigae vinavyong'aa, hakuna anayeipanda. Kuishuka ndiko kubaya zaidi. Vigae hivyo vikwanguliwe au vibandikwe utepe wa msasa, kazi ya alasiri moja.

Ndani, mlango uwe na nafasi wazi ya angalau sentimita 80, na 90 ni bora. Pima kutoka ukingo wa mlango ukiwa wazi hadi fremu ya pili, usipime fremu kwa fremu, maana unene wa mlango wenyewe unakula nafasi. Kiti kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke. Chini ya meza kuwe na sentimita 70 wazi kwa ajili ya magoti, na ile droo ya katikati ing'olewe. Sasa choo. Hapa ndipo jengo linaloitwa "rafiki kwa walemavu" linapoumbuka: mlango unafunguka kwa ndani, mtu anaingia na kiti chake kisha hawezi kuufunga. Kuugeuza ufunguke kwa nje ni bawaba mbili na fundi mmoja. Kisha uone kama choo hicho hakijafanywa stoo ya ndoo na mifagio, maana ndivyo kinavyokuwa katika majengo mengi, na ufunguo uko kwa mlinzi aliyekwenda kula. Mfanyakazi anayejua kwamba choo hakifikiki huacha kunywa maji tangu alfajiri. Mwenye jeraha la uti wa mgongo akifanya hivyo kwa wiki kadhaa anajitafutia maambukizi ya njia ya mkojo, na bosi ataona tu siku za kuugua zikiongezeka.

Na moto, ambao hauzungumzwi. Lifti haitumiki jengo likiungua, na stima ikipotea pia haitumiki kama jenereta haiihudumii. Mfanyakazi wa ghorofa ya sita anayetumia kiti cha magurudumu awe na watu wawili waliotajwa kwa majina, na wawili wa akiba, wanaojua jinsi ya kumshusha na wamefanya mazoezi hayo akiwa kwenye kiti. Kiziwi naye awe na mtu wa kumgusa bega, kwa kuwa king'ora hakimwambii kitu, au taa ya dharura inayowaka na kuzima chooni na kwenye korido.

Kwa asiyeona, kizuizi cha ofisini huja kwa barua pepe. Mtu anapiga skani barua, anaituma kama PDF, na kisoma skrini hakioni neno hata moja, maana ile ni picha. NVDA kwenye Windows 10 na kuendelea inaweza kujaribu kuitambua: shika kitufe cha NVDA pamoja na R. Hufaulu kwenye barua iliyonyooka, hushindwa kwenye jedwali na mhuri uliopita juu ya maneno. Omba faili asilia la Word. Kwenye mikutano ya mtandaoni, anayeonyesha skrini yake anaonyesha picha pia, kwa hiyo faili litumwe kabla ya mkutano, hata dakika kumi zinatosha. Mwenyekiti akizoea kusema "kama mnavyoona hapa", mwenzake amkumbushe ataje tarakimu.

Yasiyoonekana

Kifafa, ugumu wa kusoma, afya ya akili. Hapa ukurasa ule una kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mtu haonekani kuwa na haki ya kuomba. Mwenye kifafa cha aina inayochochewa na kukosa usingizi asipangiwe zamu za usiku zinazobadilikabadilika, na hilo ndilo ombi lake kubwa, pengine la pekee. Wenzake wawili wajue la kufanya: mlaze ubavu, ondoa vitu vyenye ncha, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Si lazima ofisi nzima ijue, na karatasi inayosema hivyo isikae kwenye faili la wazi ambalo kila mtu anapitia.

Mwenye ugumu wa kusoma apewe maagizo kwa sauti iliyorekodiwa, na programu ya kumsomea maandishi ileile anayoitumia asiyeona. Wengi wao wamepita shule nzima wakiitwa wavivu, hawana ripoti yoyote, na itabidi waanze na tathmini wakiwa watu wazima. Bado inawezekana.

Mwisho kuna jambo linaloharibu kazi ya miaka: kampuni kuhama. Skrini yenye mkono inaachwa kwenye ofisi ya zamani kwa sababu ilifungwa ukutani. Wale wawili wa moto wamehamishwa idara. Jengo jipya ni zuri, lina vioo, na choo cha ghorofa yenu kina mlango wa sentimita 70. Kwa hiyo ukisikia fununu za kuhama, mwandikie meneja wa ofisi siku hiyohiyo, umwombe kwenda kuliona jengo kabla mkataba wa pango haujasainiwa. Chukua utepe wa kupimia, uanzie chooni.